Zile herufi katika hesabu: namna ya kumsaidia mtoto anayeshindwa na aljebra



Kila mwaka, mwezi wa tisa, watoto wengi wa makanisa yetu wanaingia mwaka wa saba. Wameshinda mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ule tunaouita ENAFEP, na nyumbani watu wamefurahi. Tangu mwaka 2019 Serikali ilianzisha ubure wa shule ya msingi, lakini kwa wazazi wengi mwaka wa saba ndio mlango ambapo kulipa kunaanza tena. Mama anauza makala, baba anabeba mizigo, franga zinakusanywa moja moja. Kisha buletini ya kwanza inakuja, na kwenye mstari wa hesabu alama zimeandikwa kwa wino mwekundu.

Ukimwuliza mtoto shida iko wapi, mara nyingi anajibu kwa kifupi: "Ni zile herufi." Mwaka uliopita alikuwa anajumlisha namba. Sasa mwalimu anaandika ubaoni 3x + 4 + 2x + 1, anasema kwa Kifaransa « réduisez », na darasa linaandika. Mtoto anatazama tu. Hajui x ni nani, wala hajui anaombwa kufanya nini. Mwishowe anaandika 10x, kwa sababu 3 na 4 na 2 na 1 zikijumlishwa zinafanya 10. Anapata sifuri, na hakuna anayemweleza kwa nini.

Jambo hili si dogo. Mwishoni mwa mwaka wa nane kuna mtihani wa TENASOSP, unaosaidia kuonyesha mtoto aelekee upande gani wa masomo. Mtoto aliyekata tamaa na hesabu mapema anajifungia milango mingi: ufundi, ujenzi, uuguzi, kilimo, biashara. Wengine wanaacha masomo kabisa. Na pale nyumbani pesa zinapokuwa chache, mtoto mwenye alama nyekundu ndiye anayeambiwa kwanza abaki, hasa akiwa msichana.

Jambo hili ni letu pia kwa sababu nyingine. Makanisa ya Kiprotestanti yanasimamia shule nyingi katika nchi yetu, kwa makubaliano yaliyofanywa na Serikali mwaka 1977. Hatuwezi kufungua mlango wa shule halafu tukanyamaza mtoto anapoanguka ndani ya darasa.

Tunachotaka kusema hapa ni kifupi. Kurahisisha hesabu ya herufi si kukibadilisha kitu. Ni kusema kitu kile kile kwa maneno machache. Tena mtoto anaweza kujipima mwenyewe kama bado anasema kitu kile kile. Akishika mambo haya mawili, hofu inaanza kumtoka.

Aljebra ilisemwa kabla ya kuandikwa kwa herufi

Watoto wengine wanafikiri kwamba hesabu ni ya watu wa mbali, kwamba kichwa cha mtu wa hapa hakikuumbwa kwa ajili yake. Waambieni habari za Ishango. Mahali hapo pako kwetu Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edouard. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimbua pale mfupa mdogo wenye alama nyingi zilizochongwa kwa mafungu. Wataalamu wanakadiria kwamba una umri wa miaka kama 20000, na leo umehifadhiwa Bruxelles. Katika safu moja mafungu yana alama 11, 13, 17 na 19. Ukijumlisha unapata 60. Katika safu nyingine kuna 11, 21, 19 na 9, na jumla yake tena ni 60. Wataalamu wanabishana juu ya maana ya alama hizo, lakini alama zenyewe ziko, na ziliachwa na watu walioishi kando ya ziwa letu.

Habari ya pili ni ya Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya tisa. Neno aljebra limetoka katika jina la kitabu chake. Ndani ya kitabu hicho alishughulikia mambo ya kila siku: biashara, upimaji wa mashamba, namna ya kugawanya urithi. Lakini hakuandika x hata mara moja. Aliandika kila kitu kwa maneno, na namba isiyojulikana aliiita "kitu". Zilipita zaidi ya miaka 700 kabla ya Mfaransa François Viète kuonyesha, mwaka 1591, namna ya kutumia herufi kwa utaratibu. Na mazoea ya kuandika x, y na z kwa namba zisizojulikana yalienea baada ya kitabu cha Descartes cha mwaka 1637.

Tunasimulia haya kwa sababu yana mafundisho kwetu. Ikiwa watu wenye akili nyingi walifanya aljebra kwa maneno kwa karne nyingi, basi mtoto wetu anaruhusiwa kuisema kwa maneno kwa wiki mbili. Na aiseme kwa Kiswahili, lugha anayofikiri nayo, kabla ya kuiandika kwa Kifaransa cha darasani.

Kwanza, tafuta mahali njia ilipokatika

Mtoto anaposhindwa na herufi, mara nyingi shida haikuanzia kwenye herufi. Ilianza nyuma, kwenye namba, na herufi zimekuja tu kuifunua. Kuna watoto waliokosa masomo miezi mingi kwa sababu ya vita na kuhama. Wengine walisomea katika darasa la watoto 80. Kwa hiyo, kabla ya kumfundisha lolote, mpe maswali haya matano kwenye karatasi, bila saa na bila kumkaripia:

5 − 8 ni ngapi?
−3 − 4 ni ngapi?
3 + 2 × 4 ni ngapi?
2 × (5 + 3) ni ngapi?
Kama x ni 5, 4x ni ngapi?

Majibu ni −3, −7, 11, 16 na 20. Lakini usitazame tu kama amekosa. Tazama amekosa namna gani.

Akisema kwamba −3 − 4 ni 7, huenda anakumbuka wimbo wa darasani kwamba "moins par moins" inatoa "plus". Kanuni hiyo ni ya kuzidisha, si ya kuunganisha madeni mawili. Akisema kwamba 3 + 2 × 4 ni 20, hajui kwamba kuzidisha kunatangulia. Akisema kwamba 2 × (5 + 3) ni 13, amezidisha 5 peke yake na kuiacha 3 nje. Na akisema kwamba 4x ni 45, amefikiri kwamba herufi inaondoka na namba inakaa mahali pake. Mtoto huyo hajaambiwa kwamba 4x ni 4 mara x, kwamba alama ya kuzidisha ipo ingawa haionekani.

Kila kosa kati ya hayo linatibiwa kwa njia yake. Kumpa mtoto hesabu 30 za herufi kabla ya kujua kosa lake ni sawa na kumpa mgonjwa dawa kabla ya kumpima.

Herufi ni namba iliyofichwa

Sasa leta mifuko na maembe. Kama maembe hayapo, leta mbegu za maharagi na vikopo. Weka idadi ile ile ya maembe ndani ya kila mfuko, kisha funga mifuko ili mtoto asione. Mwambie: "Kila mfuko una maembe yale yale kwa hesabu. Mimi najua ni mangapi, wewe hujui. Hesabu hiyo tuiite x."

Mpangie chini mifuko 3 na maembe 4 yaliyo nje. Mwulize: "Una nini?" Atasema: "Mifuko mitatu na maembe manne." Mwandikie 3x + 4. Kisha ongeza mifuko 2 na embe 1. Sasa ana 3x + 4 + 2x + 1. Mwulize tena: "Una nini?" Hakuna mtoto atakayesema "mifuko kumi". Atasema: "Mifuko mitano na maembe matano." Mwandikie 5x + 5. Hapo mwambie: "Umefanya aljebra sasa hivi. Neno « réduire » maana yake ni hii tu: kukusanya mifuko pamoja na mifuko, na maembe ya nje pamoja na maembe ya nje."

Kwa nini 5x + 5 haiwi 10x? Kwa sababu mifuko imefungwa. Hatuwezi kuhesabu mfuko kana kwamba ni embe moja. Tunaacha hesabu jinsi ilivyo, na hilo ndilo jibu kamili. Watoto wengi wanateswa na jambo hili: wamezoea kwamba jibu la hesabu ni namba moja, na alama + ikibaki wanadhani kazi haijaisha. Waambie wazi kwamba katika hesabu hizi alama + inaweza kubaki.

Hapa kuna mtego ambao hata mwalimu mzuri anaweza kuuweka bila kujua. Wengine wanasema: "3m ni maembe matatu, kwa sababu m ni embe." Inasikika rahisi, na siku ya kwanza inafaa. Lakini herufi si embe. Herufi ni namba: idadi ya maembe ndani ya mfuko, au bei ya embe moja sokoni. Siku mtoto atakapokutana na m × m atauliza: embe mara embe ni kitu gani? Hatapata jibu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mzoeze kusema: "x ni namba ambayo bado siijui."

Mwambie pia kwamba mfuko mmoja tunauandika x, si 1x, ingawa maana ni moja. Usipomwambia, atakutana na 7x − x na ataandika 7, akifikiri kwamba x imeondolewa. Mifuko 7, ukitoa mmoja, inabaki 6. Jibu ni 6x.

Mpe mtoto kipimo mkononi

Hili ndilo jambo tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Mtoto anayeshindwa anazoea kutazama uso wa mwalimu. Anaandika jibu, anatazama; mwalimu akikunja uso, anafuta na kuandika lingine. Huko si kujifunza, ni kubahatisha. Tunataka awe na kipimo chake mwenyewe.

Kipimo hicho ni kufungua mfuko. Chagua namba yoyote, iweke mahali pa x katika hesabu ya mwanzo, kisha katika jibu. Zikitoa namba mbili tofauti, jibu ni kosa bila shaka.

Tufanye pamoja. Mtoto amesema kwamba 3x + 4 + 2x + 1 ni sawa na 10x. Tuweke 3 mahali pa x. Hesabu ya mwanzo: 9 + 4 + 6 + 1, jumla 20. Jibu lake: 10 × 3, yaani 30. Hazilingani. Hakuna mtu aliyemkaripia. Namba zenyewe zimesema. Sasa tujaribu 5x + 5: inatoa 15 + 5, yaani 20. Zinalingana.

Lakini angalieni: usimruhusu kujaribu kwa 0, 1 au 2. Namba hizo zinaweza kudanganya. Ukiweka 1 mahali pa x, 5x + 5 inatoa 10, na 10x pia inatoa 10, na kosa linapita bila kuonekana. Tumia 3, au 5, au 10. Hata hapo, namba moja ikikubali, si uthibitisho kamili. Ukiwa na mashaka, jaribu na ya pili. Lakini namba ikikataa, imekataa.

Mtoto aliyezoea kipimo hiki anabadilika. Anaacha kuuliza, "Ni hivyo?" Anaanza kusema, "Ngoja nijaribu."

Alama inatembea na namba iliyo nyuma yake

Makosa mengi yanatoka kwenye alama ya kutoa. Chukua 7x − 3 − 2x + 8. Mwambie mtoto azungushe kila kipande kwa kalamu pamoja na alama iliyo mbele yake: 7x, kisha −3, kisha −2x, kisha +8. Alama ni ya kipande kinachoifuata, wala hazitengani. Kipande kikihama, kinahama na alama yake, kama mama anavyohama na mtoto mgongoni.

Sasa akusanye vinavyofanana. Mifuko: 7x na −2x, inabaki 5x. Maembe ya nje: −3 na +8. Hapa tumia deni. Mtu ana deni la maembe 3, kisha anapata 8. Analipa deni na kubaki na 5. Jibu ni 5x + 5. Kipimo kwa 10: mwanzo 70 − 3 − 20 + 8, yaani 55, jibu 50 + 5, yaani 55. Vizuri.

Kama mtoto bado anachanganyikiwa na −3 − 4, mwulize: "Una deni la 3 kwa jirani, umekopa tena 4. Deni lako sasa ni ngapi?" Watoto waliokua wakitumwa kununua chumvi kwa mkopo wanajibu haraka: deni ni 7, yaani −7. Hesabu hiyo walikuwa nayo; hawakujua tu kwamba ndiyo hii.

Mabano ni kugawa, na hakuna anayesahauliwa

Mabano tuyaeleze kwa jambo ambalo makanisa yetu yanalijua sana. Familia 3 zimefika kanisani zikikimbia vita. Kila familia inapewa mfuko mmoja wa maharagi na vipande 4 vya sabuni. Tuseme uzito wa mfuko ni kilo x, na kila kipande cha sabuni tukihesabu kuwa kilo moja, ili hesabu iwe nyepesi. Fungu la familia moja ni x + 4. Mafungu matatu ni 3(x + 4).

Je, tumetoa nini kwa jumla? Mifuko 3 na sabuni 12. Kwa hiyo 3(x + 4) ni 3x + 12. Mtoto anayeandika 3x + 4 amezipa familia zote tatu maharagi, lakini sabuni ameipa familia moja tu. Mwulize: "Hizo familia mbili nyingine zitaoga na nini?" Atacheka, na hatasahau. Namba iliyo nje ya mabano inamfikia kila mmoja aliye ndani. Darasani neno lake ni « développer ».

Palipo na alama ya kutoa mbele ya mabano, watoto wanaanguka zaidi. Tuende sokoni. Una franga 10 elfu. Kitambaa kina bei ya franga x elfu, lakini mwuzaji anakupunguzia 3 elfu. Unalipa x − 3. Unabaki na 10 − (x − 3).

Tufikiri polepole. Kama ungelipa bei yote, ungebaki na 10 − x. Lakini umepunguziwa 3, kwa hiyo hizo 3 zinabaki kwako: 10 − x + 3, yaani 13 − x. Ndiyo maana −3 iliyokuwa ndani ya mabano imekuwa +3. Si uchawi wala si kanuni ya kukariri bila maana. Ni pesa uliyopunguziwa. Kipimo: kama bei ni 8 elfu, unalipa 5 na unabaki na 5. Na 13 − 8 ni 5.

x na x: kujumlisha na kuzidisha

Kosa lingine la mara kwa mara ni kuchanganya x + x na x × x. Ya kwanza ni mifuko miwili: 2x. Kwa ya pili tuache mifuko, twende shambani. Shamba la pande nne sawa, kila upande una hatua x. Eneo lake ni x × x, tunaandika x². Kama upande ni hatua 10, kutembea pande mbili ni hatua 20, lakini eneo lina miraba 100. Ni vitu viwili tofauti, na havijumlishwi pamoja.

Kwa hiyo katika 3x² + 2x + x² tunakusanya mashamba na mashamba: 3x² na x² ni 4x². Ile 2x inabaki peke yake. Jibu ni 4x² + 2x. Kipimo kwa 3: mwanzo 27 + 6 + 9, yaani 42, jibu 36 + 6, yaani 42. Na hapa mwonyeshe tena kwa nini tunaikataa 2 kama namba ya kipimo: 2 + 2 ni 4, na 2 × 2 pia ni 4. Ingemdanganya.

Hesabu moja tangu mwanzo hadi mwisho

Mtoto akifika hapa, mpe hesabu inayounganisha yote: 2(3x + 4) − (x − 5) + x.

Kwanza afungue mabano ya kwanza: 2 inamfikia kila mmoja, 6x + 8. Pili, afungue mabano yenye alama ya kutoa: −x + 5. Sasa ana 6x + 8 − x + 5 + x. Tatu, azungushe vipande na alama zake, kisha akusanye: 6x − x + x ni 6x, 8 + 5 ni 13. Jibu: 6x + 13.

Mwisho, kipimo kwa 10. Mwanzo: 2 × 34 ni 68, kutoa 5 ni 63, kuongeza 10 ni 73. Jibu: 60 + 13 ni 73. Zinalingana. Mwambie aweke alama ya "vema" yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

Namna ya kukaa na mtoto

Nusu saa, mara tatu kwa wiki, ni bora kuliko saa nne siku moja kabla ya mtihani. Siku moja, jambo moja: leo kukusanya, kesho kutwa alama, wiki ijayo mabano. Hesabu tano zilizoeleweka zinatosha. Sakafu ya saruji na kipande cha kaa la makala vinaweza kuwa ubao.

Acha mtoto aseme anachofanya. Anapokosa, usiharakishe kusema, "Si hivyo." Mwambie, "Nieleze ulivyofikiri." Mara nyingi atalikuta kosa akiwa bado anaeleza. Usimlinganishe na dada yake. Usimwite mjinga, hata kwa mchezo. Neno hilo linakaa masikioni miaka mingi. Na fimbo haijawahi kumfundisha mtu maana ya x.

Msaidie pia na Kifaransa. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari aandike maneno machache ya mwalimu na maana yake kwa Kiswahili: « terme », kipande, « termes semblables », vipande vinavyofanana, « parenthèses », mabano, « coefficient », namba iliyo mbele ya herufi, « réduire », kukusanya, « développer », kufungua mabano. Watoto wengine wanajua kufanya hesabu yenyewe, ila hawakuelewa walichoombwa.

Kwa mzazi ambaye hakusoma

Tunajua kuna wamama na wababa wanaosoma haya, au wanaosomewa, na wanajiambia: "Mimi sikufika mwaka wa saba, nitasaidia nini?" Mnaweza kusaidia sana. Kaa karibu na mtoto anapofanya kazi yake, na mwulize maswali matatu tu:

Hiyo herufi inasimama mahali pa nini?
Kitu gani kinafanana na kitu gani?
Umejaribu kwa namba?

Huhitaji kujua jibu. Swali la kwanza linamkumbusha kwamba herufi ni namba. La pili linamzuia kuchanganya mifuko na maembe. La tatu linamrudisha kwenye kipimo chake. Na mtoto akilazimika kumweleza mama yake kwa Kiswahili chepesi, yeye mwenyewe ndiye anayeelewa zaidi.

Na kanisa?

Karibu kila parokia ina chumba ambacho mchana wa siku za kazi kinakaa bure. Karibu kila parokia ina vijana walio katika humanités, na pengine mwalimu aliyestaafu. Ubao mmoja, chaki kidogo, siku mbili kwa wiki baada ya masomo: hilo linatosha kuanza. Kijana wa mwaka wa tatu akiwafundisha wadogo wa mwaka wa saba, naye anajitayarisha kwa mtihani wake wa Serikali, kwa maana aljebra hii hii inamngoja tena huko. Watoto wa familia zilizohama waalikwe kwanza, kwa sababu ndio waliopoteza miezi mingi. Na wasichana wapangiwe saa ambayo wanaweza kurudi nyumbani kabla ya giza.

Katika mkutano ujao wa wazee, wamama na vijana, ulizeni mambo mawili: ni watoto wangapi wa parokia yetu wako mwaka wa saba na wa nane, na nani anaweza kukaa nao nusu saa? Anzeni na wale mlio nao, hata wakiwa watatu. Mifuko ya maembe inapatikana kila mahali.